Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofika
kisiwani Galiano kwa feri ya asubuhi,
glavu mpya mfukoni, mkate wa ndizi kwenye kopo.
Jembe sikupewa.
"Hapa ni mwiko," alisema mzee Tulloch.
"Jembe huamsha mbegu. Zimelala humu chini
tangu kabla hujazaliwa,
zinamngoja mjinga mmoja achimbue."
Akanipa mkasi, mikono yake mirefu kama miguu ya korongo.

Mmea wenyewe wanauita fagio.
Mwezi wa tano mteremko wote ni njano,
njano ya kuita macho, na chini yake
hapaoti kitu.
Tunaukata ukiwa katikati ya maua, shinani,
kwa kuwa saa hiyo nguvu zake zote zimepanda juu
kujipamba.
"Waliuleta watu wa kwetu, Uskoti," Tulloch alisema,
"wapate cha kuwakumbusha nyumbani.
Babu yangu na huu mmea walipanda meli moja."
Akakata. Kach.
Mimi nilikuja kwa ndege mbili na basi.
Nilikata wa kwangu bila kujibu.

Ilikuwa zijengwe hapa nyumba kumi na nne za likizo.
Tuliuwahi mteremko kwa pai za beri,
kwa mayai ya mtoto wa Henrike, trei kwa trei,
kwa urithi wa mwalimu wa piano
aliyeutazama kutoka dirishani miaka thelathini
na magoti yake hayakumruhusu kuupanda.
Yangu yalikuwa dola ishirini na tano. Namba 212.
Hati inasema ardhi hii haitauzwa
na yeyote, kwa yeyote, kamwe.
Niliisoma mara tatu. Hati nimeziona nyingi,
na ndugu waliotengana kwa ajili yake;
hii ndiyo ya kwanza kuniambia kitu ni changu
kwa kuwa siwezi kukiuza.
Nikamwonyesha Delphine, wa Penelakut,
aliyekuja na fimbo yake ya kuchimbia.
Akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri.
"Haya," alisema. "Sasa mna karatasi."
Kisha, akiangalia mialoni mitatu iliyobaki:
"Mnasema pori. Hapa palikuwa bustani.
Bibi yangu na dada zake, kila mmoja na mpaka wake."

Kitunguu anachokirudisha kinaitwa kamas.
Nilicheka peke yangu kama mwehu
mpaka ikabidi nieleze: kwetu, kamasi
ni mambo ya puani.
Delphine alikaa juu ya jiwe, akashika mbavu.
Tangu siku hiyo mtu akipiga chafya kazini
humwambia, "Usipoteze mbegu."

Mwaka wa nne sasa.
Ndani ya uzio wa kuzuia kulungu
yamechanua maua saba. Ya buluu.
Nimeyahesabu mara mbili, nikaona aibu,
nikayahesabu tena.
Nje ya uzio, jua la Julai likikaza,
maganda ya fagio hupasuka, ta, ta-ta,
kila ganda likirusha watoto mbali na mama,
na Tulloch husikiliza, kichwa upande,
kama mtu anayesikia vyombo vikivunjika kwa jirani.

Kabla ya feri tunapiga viatu brashi.
Ni sheria yetu, imeandikwa kwenye ubao.
Jana, kwenye mfereji wa soli yangu ya kushoto,
nikakuta moja: nyeusi, ndogo, kimya.
Baharini? Bahari hubeba.
Kwenye pipa? Pipa huenda jalalani,
na jalala nalo ni ardhi ya mtu.
Honi ikalia.
Nikaitia kwenye kopo la mkate, pamoja na makombo,
nikafunga kifuniko,
nikapanda nayo.