Kipimo cha Dakika Ishirini

Lumakanda, saa tatu asubuhi, umande ungali kwenye mahindi.
Nimepiga pampu mara hamsini kabla ya kukinga,
maana maji ya kwanza husimulia habari za bomba, si za ardhi.
Kichupa, kijiko cha plastiki, unga wa zinki,
kifuniko chenye kikaratasi cheupe kama jino la mtoto.
Tungoje dakika ishirini, nikamwambia Kageha.
Akafudikiza ndoo, akaikalia,
akaendelea kumenya maharagwe.

Kisima ni chake. Ndama wawili na mkopo wa chama.
Jina lake limechorwa kwa msumari kwenye saruji, ilipokuwa mbichi.

Hatua thelathini kutoka hapo, mfereji uliomezwa na mabingobingo:
josho la mzungu, la kabla shamba halijakatwa vipande.
Baba mkwe wake, Asava, ndiye aliyekoroga dawa.
Kila Alhamisi ng'ombe waliruka, wakazama hadi pembe,
wakatokea ng'ambo wakitiririka,
na kupe wakapukutika kama mbegu za mbarika.

Dawa ile shuleni tuliiita aseniki.
Kwenye jedwali la elementi inakaa chini ya fosforasi,
nyumba moja, ghorofa mbili,
na hila yake yote imo humo:
mwili ukimwita fosforasi aje kuwasha moto wa seli,
huyu huitika, amevaa shati la ndugu yake.
Hufunguliwa mlango. Hukaa kitini.
Moto hauwaki.

Ukiichoma haiyeyuki, huinuka papo hapo kuwa moshi
unaonuka kitunguu saumu katika nyumba ambayo hajapika mtu.
Lakini majini hainuki. Haina rangi, haina ladha.
Chemsha utakavyo: yanayoondoka ni maji,
yenyewe hubaki sufuriani, imekolea.
Wala haiozi. Chuma hula kutu,
cheti cha ubatizo huliwa na mchwa,
elementi haina kaburi.

Kupe, hata hivyo, waliizoea.
Mwaka mmoja wakakataa kuanguka.
Ikaletwa dawa nyingine yenye pipa jipya,
na ile ya zamani ikamwagwa palepale,
maana nani angeibeba, na aipeleke wapi?
Tangu hapo mvua inausoma udongo ule
ukurasa baada ya ukurasa, ikishuka.

Dakika ya kumi na moja.
Kageha ananionyesha viganja, sijamuuliza.
Vijipunje vigumu, kama mtama uliopandwa chini ya ngozi.
Na kifuani, anasema, nina madoa,
kama manyunyu yalipopiga vumbi yakaghairi.
"Daktari wa Turbo alisema ni jembe."
Sikujibu.
Jembe halishikwi kwa kifua.

Dakika ya kumi na tisa sikutazama.
Nilitazama kuku.

Kikaratasi kikatoka.
Nikakiweka kando ya kadi ya rangi:
kikapita manjano ya ndizi,
kikapita chai ya maziwa,
kikatua kwenye kisanduku cha mwisho, strungi.

Akaielewa kadi kabla sijafungua kinywa.
"Ng'ombe walipona?"
Walipona, mama.
"Na dawa ilikuwa ya kupe."
Ya kupe.
Akapangusa maganda mapajani, moja moja.
"Basi kumbe sisi ndio kupe."

Katika mafunzo walitupa majibu ya maswali mengi.
Tanki la mvua. Chujio la mchanga wenye kutu,
kwani kutu huishika aseniki isiachilie.
Mto, kilomita mbili, na ng'ombe wa watu ndani yake.
Nikayasema yote, kwa kasi, kama anayelipa deni kwa sarafu.

Nikafungua mkebe wa rangi nyekundu.
Akaninyang'anya brashi: "Kisima changu."
Akapaka shingo ya pampu, akapaka mkono,
akalizunguka jina lake bila kuligusa.

Kisha akaokota kichupa changu,
akakiinua kwenye jua.
Maji maangavu.
"Na haya," akauliza, "utayamwaga wapi?"

Nikageuka huku, nikageuka huku.
Nikakiziba, nikakitia mfukoni.