Kitatange wa Sokomatola

Alifika na basi la usiku
ndani ya boksi la povu lililowahi kubeba chanjo,
mfuko wa nailoni umefungwa kwa raba mbili.
Kondakta akauliza, "Fundi, humu kuna nini kinachopumua?"
Samaki, nikasema. Akachungulia, akacheka:
"Huyu hata paka hashibi."

Kweli. Hazidi kidole changu cha kati.
Mgongo rangi ya papai lililoiva upande mmoja,
ubavu buluu, ile buluu ya wino
uliotuchafua mifuko ya mashati shuleni.
Nikamdondoshea maji tone kwa tone, saa nzima,
kama unavyomkaribisha mgeni aliyetoka mbali:
kwanza kiti, maswali baadaye.

Mimi ni fundi friji.
Miaka kumi na tisa nimeuza baridi
katika mji ambao baridi ni ya bure.
Sasa nanunua joto:
hita mbili, nyuzi ishirini na tano, usiku na mchana,
Julai hii, Loleza ikiwa imejifunika ukungu hadi kidevuni
na majani ya viazi kule Umalila yameunguzwa na sakitu.

Tusajigwe, mke wangu, huandika ukutani kwa penseli
tarehe, na uniti za umeme zilizobaki.
Haongezi neno. Inatosha.

Mama yake alipokuja kutoka Rungwe
alichovya kidole, akalamba, akatemea dirishani.
"Nani kayalia haya?"
Nikamweleza: maji haya hupungua, kikombe na nusu kwa siku,
lakini kinachopaa ni maji matupu.
Chumvi haiendi popote.
Ukiongeza chumvi juu ya chumvi, umewaua.
Unaongeza maji ya mvua tu, kidogo kidogo.
Alilitazama tangi muda mrefu,
yule mama aliyezika watoto wawili,
kisha akauliza kama kuna chai.

Nina matumbawe saba.
Moja, laini, lenye vinywa vya kijani,
nimelilea tangu likiwa kama kifungo cha shati.
Jumanne, kitatange alianza kulidonoa.
Si kula; kudonoa,
kama mtoto anayepita mezani mara ya nne
penye keki ya watu.
Nilikuwa nimeonywa: huyu ni bahati nasibu.
Mmoja ataishi na matumbawe miaka kumi, jirani mwema;
ndugu yake ataanza leo.
Hakuna fundi awezaye kumfungua akaona.
Nikamfungia mwani mkavu kwenye jiwe.
Akaula wote. Akarudi kwenye tumbawe.

"Mtoe," alisema Tusajigwe.
Kumtoa ni kubomoa mawe yote.
"Basi bomoa."
Nikasema kesho.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Unasikia kwanza ukimya: pampu, halafu friji, halafu mtaa.
Nikaunganisha betri ya gari, viputo vikarudi,
lakini betri haiwezi hita.
Nyuzi ishirini na tatu. Ishirini na mbili na nusu.
Nilipogeuka, jiko la mkaa lilikuwa linawaka
na Tusajigwe yuko juu ya kigoda, kitenge begani,
analivika tangi blanketi la Lwitiko
aliye bweni tangu Januari.
Tukachemsha, tukajaza chupa, tukazielesha,
zikapoa, tukachemsha tena.

Akamulika tochi pembeni.
Kitatange alikuwa amelala, rangi imempauka,
ubavu umeegemea lile tumbawe
analolidonoa mchana,
nalo limejikunja, limefumba vinywa vyake vyote.
"Ona," akanong'ona. Hakusema nini.

Alfajiri friji ilitetemeka kabla ya taa.
Samaki akatoka, akakagua mipaka yake,
kona hadi kona, mwenye nyumba,
akaenda moja kwa moja
akadonoa.

Tusajigwe alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akachukua penseli.
Aliandika tarehe, akaandika uniti,
na chini yake, kwa herufi ndogo:
amekula.