Jina Letu Lilikuwa Jiwe

Quernaby. Karani wa posta hulikosea,
nami husubiri, nimezoea:
kwa Q, bwana, si kwa K.

Nusu ya mbele, katika vinywa vya kale,
ni jiwe la kusagia, lile la mkono,
la duara, lenye tundu katikati.
Nusu ya nyuma ni makazi,
neno la watu wa Denmaki waliochoka kupora
wakaamua kulima.
Kaya kumi na nne juu ya vilima vya Lincolnshire.
Leo ni malisho. Nimefika:
matuta ya nyasi mahali palipokuwa na kuta,
na kondoo wakinitazama kama wenye hati ya shamba.
Kweli, ni wao waliotutoa.
Mwenye ardhi alipiga hesabu, sufi ikawashinda watu.

Waliokaa pale hawakuhitaji jina la pale.
Nani humwita jirani
kwa kijiji wanachokaa wote?
Jina huanza siku mtu anapohama.
Bondeni walimuuliza Hugh, watoka wapi wewe?
Akajibu.
Jibu likamganda kama tope kiatuni,
likawaganda wanawe, na wana wa wanawe.

Baba yangu, Wilfrid, alitundika ramani jikoni
akaichoma pini.
Sensa ya babu wa babu yake: pini thelathini na saba,
zote mwendo wa siku moja kwa miguu
kutoka kwenye matuta yale.
Kisha reli. Pini zikaparaganyika:
tatu Hull, kwenye kupasua samaki,
tano Bradford, kwenye vinu
vya kusokota sufi ileile.
Kisha asubuhi moja ya Julai, huko Ufaransa,
na Baba, miaka mingi baadaye, aking'oa pini nne
bila kusema neno, chai yake ikipoa.
Matundu aliyaziba kwa rangi.
Jua likipiga kwa ubavu, yanaonekana.

Na wasichana! Wasichana hakuwachomea pini.
Keziah akawa Bibi Stubbs,
Lettice akawa Bibi Pocklington.
Kila kengele ilipolia ya harusi
jina lilipungua kidogo, kama sabuni.

Mimi ndiye kipande chembamba kilichobaki.
Sina mtoto. Nina paka,
na paka hana ubini.

Majira ya baridi yaliyopita, barua. Kutoka Tasmania.
Desmond Quernaby, fundi wa mabomba:
*Huku tuko mia moja na arobaini,
tuna timu yetu ya kriketi, na hatufungi magoli ya aibu
kwa kuwa kriketi haina magoli.*
Nilimpenda papo hapo.
Tukatema mate kila mmoja katika kichupa chake,
tukangoja wiki sita.

Hakuna undugu. Hata tone.

Ni yeye aliyelifukua jambo lenyewe:
mtoto wa kiume, ameachwa alfajiri
mlangoni pa kinu, karibu na Louth,
amefungwa gunia, juu ya jiwe bovu la kusagia.
Tabitha Quernaby, mke wa msagaji,
alimwinua, akampa ziwa, akampa jina.
Alipofika miaka kumi na tisa kijana aliiba kondoo,
hakimu akampa bahari yote na miaka saba.

Kondoo tena.
Walitufukuza kijijini, kisha mmoja wao,
aliyeliwa nusu, porini, bila chumvi,
akalisafirisha jina hadi mwisho wa dunia
na huko likazaa.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Kuhusu unga sijawasikia wakisema kitu.

Ramani ya Baba inaishia pwani ya Kent.
Nimechukua pini, ya manjano,
nikashuka nayo ukutani, chini ya fremu,
chini ya swichi ya taa,
mpaka pale karibu na bakuli la paka,
nikaichoma kwenye plasta.
Plasta imemeguka kidogo.
Sikufagia.