Sweta la Samaki

Michoro ya Łódź nimeizoea kupitia kioo cha tramu:
mkono kwenye breki, jicho kwenye taa,
nusu ya samaki, shingo ya korongo, kisha kituo kinachofuata.
Miaka kumi na mmoja nimepita mbele yake
na sijawahi kujua miguu yake inakanyaga wapi.

Leo Jumamosi sina sare, nina watoto.
Jagoda, miaka minane, na ramani aliyoichora mwenyewe
nyuma ya bili ya gesi.
Gniewko, minne, na mfuko mzito wa mawe.
Machi hii bado inang'ata masikio.

Kwanza, mwanamke wa ghorofa tano
anayesokota moshi wa dohani kuwa uzi.
Jagoda anarudi nyuma, anarudi tena,
hadi kisogo kinagonga gari la watu,
ndipo uso wote unamwenea machoni.
"Baba, alichoraje pua bila kuona mdomo?"
Labda, nasema, ng'ambo ya barabara alisimama mwenzake
akipiga kelele: kushoto, kushoto kidogo, basi!
"Kama mama unapoegesha gari."
Kama mama ninapoegesha gari.

Gniewko hatazami juu. Juu ni kwa njiwa.
Amechutama kando ya bomba la mvua
na anasema polepole, kama aliyekutana na jirani:
"Konokono."
Kweli. Wa rangi ya chungwa, mdogo kuliko kidole gumba changu,
kachorwa kwa kimo cha mtoto, au cha mbwa,
au cha mtu mzima aliyepiga magoti.
Nikapiga magoti. Suruali ikalowa.
Konokono alikuwa na kope.
Nani huyo aliyekaa hapa, kwenye baridi,
akimchorea konokono kope moja moja?

Samaki tulimweka mwisho.
Jagoda alimzungushia duara mara tatu,
maana nilikuwa nimemsifia sana mezani.
Tulipokata kona tukakuta kiunzi cha vyuma,
ndoo za gundi, na vibao vyeupe vya povu gumu
vikipanda ukutani kama theluji inayokosea njia.
Mkia ulishakwenda. Tumbo lilikuwa linakwenda.
Lilibaki jicho, na mdomo uliotaka kusema jambo.

"Mnamzika!" Jagoda akalia kwa hasira.
Dirishani mwanamke mwenye rola za nywele akajibu:
"Mzuri ni mzuri, binti, lakini hachemshi chai.
Njoo ulale kwangu Januari."
Sikuwa na neno. Bili ya gesi ilikuwa mkononi mwetu.

Gniewko akainamisha kichwa upande mmoja.
"Hawamziki," akasema. "Wanamvalisha sweta."

Fundi aliye juu akaacha kupaka.
Akashuka ngazi taratibu, akiwa na kibao kwapani,
akachomoa penseli nyuma ya sikio,
akakiweka kibao chini mbele ya wanangu.
"Upande huu," akasema, "ndio utakaomtazama yeye."

Jagoda akafuta kamasi kwa mkono wa koti,
akachora mnyoo, asije akakaa njaa.
Gniewko akachora duara lililokataa kufunga,
akaliongeza vijiti viwili, kisha, kwa ulimi nje,
kope.
Fundi akapaka gundi pembeni tu.
Katikati akaacha pakavu.
Akapanda, akakibandika penye shavu, akakigonga kwa kiganja
mara mbili, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jumatatu, saa kumi na moja na dakika arobaini, giza.
Ukuta ni mweupe kutoka juu hadi chini.
Abiria sita, wote wamesinzia.
Nikapiga kengele mara mbili.
Mzee wa kiti cha mbele akafumbua jicho
akatafuta ni nini kipo kwenye reli.