Kawaida

Saa saba mchana, machimbo ya Ntyuka.
Mwaja anagonga jiwe, jiwe linamrudishia joto.
Jasho halikuagizwa na mtu:
limetoka lenyewe, kama mwenye nyumba
anayemwagia ua maji kabla vumbi halijaingia ndani.

Figo zake zilishajua bomba la mtaa limekauka.
Zinapima kwa kikombe,
zinachuja, zinarudisha,
zinachokubali kitoke
ni kidogo, rangi ya chai kavu.

Tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.
Ini linafungua ghala, linatoa sukari
kibaba kwa kibaba,
na kama Mgogo anayeijua njaa
haligusi mbegu.

Usiku, upepo wa Juni unapita chini ya mlango.
Shuka ni moja, na ni la watoto.
Basi misuli ya mapaja inaanza:
inatwanga gizani, bila kinu, bila mchi,
meno yakiitikia,
mpaka moto upatikane.

Asubuhi kichwa kinamuuma. Zahanati.
Kipimajoto kwapani.
Muuguzi anasoma, anaandika, hainui uso:
"Thelathini na sita nukta nane. Kawaida."

Kawaida!
Mkesha wote ule, na ghala, na vikombe,
kwa neno moja la kuandikwa kwa kalamu inayokwama.

Mwaja anapanda tena kilimani
amelibeba kama ndoo iliyojaa pomoni,
hatua fupi, shingo imara,
lisimwagike.