Birika la Saba

Redio ilisema asubuhi, kabla ya tangazo la sabuni:
kipindupindu kimeshuka bandarini Chimbote.
Wilmer akaizima, kana kwamba ukizima
kitarudi kilikotoka.
Mimi nikaenda kuangalia pipa.

Pipa letu lilikuwa la rangi, zamani,
bado lina namba za kiwandani ubavuni.
Lori la maji huja Jumanne likijisikia,
huja Ijumaa likituonea huruma,
hupanda mchanga kwa kulalama,
na mpira wake huburutwa chini
pale pale mbwa wanapokojoa.
Sikuwahi kuutazama mpira ule.
Siku hiyo niliutazama mpaka dereva akaniuliza
kama kuna deni baina yetu.

Nesi wa kituoni, binti mfupi mwenye sauti ya sokoni,
alitupa kichupa cha dawa na maneno matatu:
chemsha, funika, nawa.
Kinga ni bora kuliko tiba, akaongeza.
Lakini kinga nayo huuzwa kwa lita,
na mafuta ya taa yalipanda mwezi wa nane
hayajajifunza kushuka.
Nikakaa juu ya ndoo, nikapiga hesabu kwa mkaa ukutani:
jiko moja, birika moja, chupa moja kwa siku mbili,
wali uive upesi, maharage tuyasahau.
Yakatoka mabirika sita.
Nyumbani tuko saba.

Nikafanya yaliyowezekana.
Kata nikaitundika msumarini, mpini juu,
asitumbukize mtu vidole.
Chooni nikamwaga chokaa.
Samaki mbichi wa ndimu, ambaye Wilmer humla Jumapili
kabla hata ya kumsalimu Mungu,
nikampiga marufuku. Akanuna siku mbili,
siku ya tatu akaleta viazi.
Watoto nikawafundisha kunawa kwa kuhesabu hadi ishirini.
Yeni huruka kutoka saba mpaka kumi na tano.
Nikamrudisha. Akaruka tena.
Sukari na chumvi nikazificha ndani ya soksi:
vijiko sita, nusu kijiko, lita moja,
vijiko sita, nusu kijiko, lita moja,
ndiyo sala niliyolala nayo.

Domitila, mama wa mume wangu, hakutaka kusikia.
“Maji yaliyochemka ni maiti ya maji,” alisema,
“hayana ladha ya kokote.”
Akawa anachota pipani na kopo lake la maziwa
usiku, akidhani tumelala.
Nikanunua kufuli.
Ndiyo, nilimfungia mama mkwe maji,
ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba.

Usiku wa tatu nikamkuta pale,
kucha zake chini ya mfuniko.
Nilitaka kufoka, lakini kopo lilikuwa linatetemeka.
“Kusoma sijui,” akasema. “Kuhesabu najua.”
Akanyoosha kidole ukutani, kwenye mistari yangu ya mkaa.
“Sita. Na sisi saba.
Nikaona nikupunguzie mmoja.”

Nikashindwa pa kuweka mikono.
Kisha nikaokota kipande cha mkaa
nikachora mstari wa saba,
umepinda, hauna mafuta ndani yake,
una deni tu.
Kesho yake tulikula viazi vigumu katikati.
Birika la kwanza lilipochemka
nikayamimina kopo hadi kopo, juu, chini,
kama anayepoza chai ya mgeni,
hewa iingie, umaiti utoke.
Nikampa.
Akaonja. Akakunja uso.
“Bado hayana ladha.”
Akayanywa yote.

Ijumaa lori halikuja.
Kwa jirani Eudocia mtoto alikuwa anatapika;
labda ni pipi za harusini, labda siyo,
hakuna aliyejua bado.
Eudocia alisimama mlangoni kwetu, hakubisha,
ana kikombe mkononi.
Nikafungua soksi.