Tundu Sita

Ombima aliniachia ufunguo uwanja wa ndege,
akaniachia na sharti:
Usikate waya. Hata mmoja.
Nikirudi nataka gari langu, si la fundi.

Mwaka wa tatu huu yuko Doha, anafunga lifti za watu,
na mimi nabeba chanjo ya kideri hadi Ahero, hadi Katito.
Chanjo haijui sharti la mtu.
Ikipata joto inafia ndani ya chupa, kimya,
na kuku wa Mama Nerea wanaifuata wiki ijayo.
Friji ndogo ninayo. Inataka umeme,
pale kwenye buti, plagi ya mlango wa nyuma.

"Tukate hapa, tufunge tepu," alisema fundi wa kwanza,
koleo tayari mkononi. Dakika tano.
"Na siku ya kurudisha?"
Akacheka. "Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu."
Najua.
Ndiyo maana natafuta kikombe.

Kikombe chenyewe: plagi ya tundu sita,
rangi ya maziwa yaliyolala,
jino moja tu, upande wa kushoto.
Dume lake na jike lake, yote mawili,
ili kipande changu kikae katikati,
kimshike huyu mkono huku, yule mkono kule,
na siku kikitoka washikane wenyewe
kana kwamba hakuna aliyewahi kupita.

Dukani mjini: "Plagi peke yake hatuuzi.
Chukua nyaya zote za gari, elfu kumi na moja."
Nikashukuru. Nikatoka na kiu.

Kibuye, Jumapili. Turubai limemwagiwa plagi
kama mahindi yaliyopukuchuliwa.
Nikachambua mpaka magoti yakafa ganzi.
Tundu nne. Tundu nane.
Tundu sita, jino kulia.
Na ile iliyofaa, nikaipata kabisa, nikaishika,
ilikuwa imekatwa shingoni,
waya umebaki urefu wa ukucha.
Aliyeikata alikuwa na haraka ya shaba.

Obunga, kwa Akeyo, baada ya mvua.
Gari limelala ubavu, pua halina,
ndugu wa tumbo moja na letu.
Akaingia ndani mzima mzima, miguu nje,
na spoki ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe.
"Wewe unavuta nywele," sauti ikatoka humo ndani.
"Plagi haivutwi nywele. Bonyeza ulimi."

Tik.

Akaniachia mkia wa shubiri nzima kila upande,
akapuliza tundu moja moja
kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
"Mia tatu. Hii yenye kutu ni bure, ya kujifunzia."
Nilijifunzia usiku tatu. Niliivunja.

Waliolitengeneza gari hili huko Japani
walitia kioo cha nyuma nyaya za kukipasha moto;
waliogopa theluji.
Theluji, Kisumu!
Sasa moto ule ule umepinda njia kwenye kipande changu,
unaingia kwenye friji,
unalaza chanjo baridi.
Waya wa Ombima haujui lolote.

Jana usiku alipiga. Mkataba, anasema,
wameuongeza miaka miwili. Sauti ilikwenda, ikarudi.
Nikamwambia mama mzima, mvua ipo.
Halafu: "Gari?"
"Liko kama ulivyoliacha."

Si uongo. Ni ukweli wenye kipande katikati.

Simu ilipokatika nilitoka nje na tochi mdomoni,
nikafungua buti, mbu wakinila shingo.
Nikabonyeza ulimi kwa kidole gumba.
Kikatoka.
Nikakirudisha, nikakitoa tena,
nione tu kwamba kinatoka.